Kabla hujang'oa poti za amplifaya yako, soma nilivyojiaibisha

Juzi asubuhi nilikuta ujumbe wa msomaji. "Kaka, amplifaya yangu ya gitaa inakwaruza nikizungusha volyumu. Ni ya valvu, ya zamani. Nimeshaagiza poti tatu mpya, za volyumu, besi na trebo, nimalize mambo mara moja. Nianze na ipi?"

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika katikati. Poti tatu. Volyumu, besi, trebo. Kijana huyu sijawahi kumwona, lakini ameandika historia yangu bila kujua, na hata mpangilio hakuukosea.

Nilimjibu kwa sentensi moja kwamba asianze na yoyote, asubiri makala. Makala yenyewe ndiyo hii. Itakuwa ndefu kidogo kwa sababu jambo hili bado linanichoma, na kwa sababu najua wengi mnaopita hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: siku moja ufungue amplifaya yako mwenyewe, uitengeneze, uifunge, na usimbembeleze mtu.

Kwanza tuelewane majina. Kitu chenyewe ni potensiometa, kwa kifupi poti. Mafundi wengi huiita volyumu tu hata ikiwa inaendesha besi, ndiyo maana utasikia mtu akisema "volyumu ya trebo imekufa" na asione ajabu. Ndani yake kuna utepe wa kaboni uliopinda kama pete iliyokatwa kipande, na ulimi mdogo wa chuma unaotambaa juu ya utepe huo kila ukizungusha nobu. Miguu ni mitatu: miwili ya pembeni imeshika ncha za utepe, wa kati umeshika ulimi. Baada ya miaka ya kuzungushwa kaboni huchimbika, vumbi huingia, ulimi unaruka badala ya kuteleza, na spika hutangaza kila mruko. Krrrk. Huo ndio uchakavu wa poti, na hayo ndiyo niliyoyajua siku naanza. Niliyajua hayo tu nikadhani yanatosha.

Amplifaya yangu niliinunua ikiwa imetumika sana. Saketi yake ni ya ukoo wa Fender za miaka ya 1960: valvu mbele (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), volyumu ya mega 1 (mega na kilo hapa ni za ohm, kipimo cha upinzani), trebo na besi za kilo 250 kila moja, na sauti ya kati haina nobu, badala yake imewekwa rezista ya kilo 6.8 basi. Niliipenda kuliko gitaa lenyewe. Mikwaruzo ilipoanza nilijifanya siisikii. Ukiipeleka volyumu kwenye 4 na usiiguse tena, ilikuwa inatulia, kwa hiyo nikajifunza kutoigusa, kama mtu anayejua ubao upi wa sakafu unalia usiku.

Halafu ikaja ile siku. Tupo jukwaani, wimbo umeteremka hadi sauti ya mwimbaji na vinanda tu, zamu yangu ya kupiga solo inakaribia, nikanyoosha mkono nikapandisha volyumu. Ilitoka kelele ambayo sijui niifananishe na nini. Kama turubai linachanwa ndani ya spika. Mwimbaji aligeuka. Watu wa mbele waliziba masikio. Kiongozi wa bendi akasema kwenye maikrofoni, si kando, kwenye maikrofoni: "Zima hilo dude." Nikalizima. Nilimaliza onyesho nikiwa nimeshika gitaa lisilo na sauti, natikisa kichwa kwa mdundo ili nisionekane nimesimama bure. Ni miaka sasa. Sijasahau hata shati alilovaa.

Nikaipeleka kwa fundi, jina lake halina faida hapa. Alikaa nayo wiki nzima. Ikarudi nobu zimefutwa zinang'aa na sauti kimya kabisa, nikamwona malaika. Siku ya tisa mikwaruzo ikarudi. Nilipomrudia alisema poti zote zimezeeka, na nilipouliza alipima nini akacheka mbele ya vijana wake: wapiga gitaa wapige gitaa, ufundi wawaachie wenyewe. Vijana nao wakacheka. Nilibeba amplifaya yangu, kilo zake zote, nikatoka nayo nikiapa kwamba haitaguswa tena na mkono usio wangu.

Kiapo cha hasira kina tatizo moja: hakikupi ujuzi.

Kosa la kwanza lilikuwa mafuta. Nilisikia kwamba poti hupuliziwa dawa, nikachukua mafuta ya kopo, yale ya bawaba za milango, nikapuliza kwa ukarimu. Kwa siku mbili amplifaya ilikuwa tulivu nikajiona daktari. Kisha vumbi likaja kukaa kwenye mafuta na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Dawa ya poti ni ile iliyotengenezwa mahususi kusafisha viungo vya umeme. Inaingizwa kidogo tu kwenye uwazi ulio juu ya miguu, unazungusha nobu kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini au thelathini, unaacha ikauke, unasikiliza. Nusu ya poti ninazoletewa leo zinapona kwa hilo tu. Zisizopona ni zile ambazo sauti inapotea kabisa mahali fulani pa mzunguko na kurudi mbele yake, au shafti inacheza kama jino la mtoto. Hapo kaboni imekwisha, na hakuna dawa inayorudisha kaboni.

Poti yangu ya volyumu ilikuwa ya aina hiyo, na hilo nitalitetea hadi kesho. Niliing'oa, nikaweka mita kwenye mguu wa kati na mguu mmoja wa pembeni, nikazungusha taratibu. Namba zilipanda vizuri, zikafika mahali zikaruka hadi mita ikaonyesha njia imekatika, zikarudi. Ilikuwa imekufa kweli. (Ukiweza kupata mita ya mshale, itumie kwa kazi hii. Mshale unaruka mbele ya macho yako, wakati mita ya tarakimu bado inafikiria iandike nini.) Na kumbuka kwamba poti ikiwa bado imeungwa kwenye saketi itakudanganya, maana vitu vingine vimelala sambamba nayo na namba zitashuka. Fungua walau waya zake kwanza.

Ila kabla ya kufungua chochote, na hapa naomba usome polepole hata kama unajua kila kitu. Amplifaya ya valvu inaweza kuwa na volti 400 na zaidi ndani yake, na kapasita kubwa za kuchuja umeme zinaweza kuendelea kushika sehemu ya hizo volti baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi nilijua hivyo kwa kuambiwa. Nikaja kujua kwa kuona, siku bisibisi yangu ilipogusa mahali pasipofaa: cheche, mlio kama wa fataki, na doa jeusi kwenye ncha ya chuma ambalo lipo hadi leo. Bisibisi hiyo siitumii, naiweka ninapoiona. Sasa nafanya hivi: nachomoa umeme ukutani, swichi ya kusubiri (standby) naiacha kwenye upande wa kupiga, naunganisha waya wenye klipu kutoka mguu namba 1 wa valvu ya kwanza ya 12AX7 (zile ndogo za mbele) hadi kwenye chasisi, ile fremu ya chuma. Rezista ya kilo 100 inayolisha mguu huo inanyonya umeme wote pole pole. Nasubiri dakika mbili. Halafu, na hili ndilo wengi wanaliruka, napima kwa mita kwenye kapasita kubwa ya kwanza yenyewe. Siamini klipu, naamini namba. Ikiwa chini ya volti chache, nafanya kazi. Na kabla ya kuwasha tena naondoa ile klipu.

Sasa turudi kwenye aibu.

Niliagiza poti mpya ya mega 1. Ilifika, nzuri, imefungwa kwenye pakiti yake. Nikailehemu siku nzima. Nikawasha, nikazungusha nobu hadi 1: kimya. Hadi 2: amplifaya ikapiga kelele kama imekanyagwa. Kutoka 3 hadi 10 hakuna kilichobadilika. Nilidhani nimeharibu valvu. Kumbe kwenye mgongo wa poti palikuwa pameandikwa B1M na mimi sikujali herufi, nilijali namba.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Poti ina thamani, na ina mwendo. Ya mwendo wa mstari inagawa utepe sawasawa: nusu ya mzunguko, nusu ya upinzani. Inasikika kama haki, lakini sikio halihesabu hivyo. Ukiipa amplifaya nusu ya volti umepunguza desibeli 6 tu, na sikio linasema "mbona bado ni ileile." Poti ya mwendo wa logi, ikiwa katikati ya mzunguko, inapitisha karibu sehemu moja ya kumi, yaani upungufu wa desibeli 20, na hapo ndipo mkono na sikio vinakubaliana. Siku hizi poti nyingi huandikwa A kwa logi na B kwa mstari. Lakini utakutana na poti za zamani za Ulaya ambazo A yake ni ya mstari, kwa hiyo herufi peke yake usiiamini. Weka poti katikati kabisa, pima kutoka mguu wa kati kwenda kila upande. Mega 1 ya mstari itakupa kama kilo 500 huku na kilo 500 kule. Ya logi itakupa upande mmoja kama kilo 100 hadi 150 na upande wa pili kilichobaki. Dakika moja. Ningeifanya hiyo dakika nisingelehemu siku nzima.

Na usidhani poti zote za amplifaya ni za logi. Katika saketi za ukoo wa Marshall utakuta trebo ya mstari, besi ya mega 1 ya logi, na sauti ya kati ya kilo 25 ya mstari. Soma mchoro wa amplifaya yako, si wa rafiki yako.

Niliagiza tena, A1M safari hii, nikiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kuumwa. Ikafika na shingo nyembamba, ya milimita 7, wakati tundu la paneli yangu ni la shingo ya milimita 9.5. Ikawa inaogelea. Shafti nayo ilikuwa ya milimita 6 kamili na nobu yangu ni ya inchi robo, yaani milimita 6.35, ile inayobanwa kwa skrubu ndogo ubavuni. Ukiibana inakaa upande kama kofia ya mlevi. Nikaagiza ya tatu. Pima shingo, pima shafti, angalia kama shafti ni duara tupu au ina meno na mkato katikati, angalia kama poti inalehemiwa waya au inasimama kwenye bodi. Na ile pua ndogo ya bati inayochomoza pembeni ya shingo ipo ili poti isizunguke pamoja na nobu. Kama paneli yako haina kitundu chake, ikunje au uivunje kwa koleo, usilazimishe nati ikae juu yake.

Kuhusu kulehemu nisiwachoshe. Risasi ya 60/40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, chuma changu nakiweka karibu na 350, na siri yote ni kupasha mguu wa poti, si kupasha risasi. Piga picha kabla hujafungua waya hata mmoja. Funga vipande vya karatasi kwenye waya ukiandika 1, 2, 3, maana ukibadilishana waya za pembeni nobu itafanya kazi kinyume na utaishi maisha yako ukipunguza sauti kwa kupandisha. Kazi ngumu ni pale ambapo mtengenezaji aliunga waya wa chini kwenye mgongo wa poti. Ule mgongo unakunywa moto kama mchanga unavyokunywa maji. Kwa chuma kidogo utakaa hapo hadi utepe wa ndani uungue. Chuma chenye ncha pana, kwaruza mgongo kwanza kwa msasa, gusa, weka risasi, toka. Na poti za kwenye bodi ni hadithi nyingine, zile ukizivuta kabla risasi haijatoka yote zinaondoka na njia za shaba. Nyonya kwanza, tikisa kila mguu kwa ncha ya kibano uone kama uko huru, ndipo uvute.

Basi. Poti ya tatu ya mega 1, ya logi, ya shingo sahihi, ikakaa. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kutengeneza kitu chake mwenyewe. Nikawasha. Sauti ikapanda taratibu kama alfajiri. Nikapiga kodi, nikapandisha kidogo.

Krrrk.

Poti mpya kabisa! Nilikaa sakafuni.

Kisha nikagundua jambo, na hili jambo ndilo ninalotaka kulirudia hadi mchoke: nikishusha besi, mikwaruzo ilikuwa inapotea. Nikipandisha besi hadi 10, inarudi yote. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema, aha, basi besi nayo ni mbovu. Nikaagiza besi. Nikaifunga. Krrrk. Nikasema, basi imebaki trebo. Nikaagiza trebo, na katika kuing'oa ile ya zamani nikavunja mguu wake mmoja, mguu uliokuwa mzima. Nikafunga mpya. Krrrk. Tena kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa nakisikia muda wote na kukipuuza: nikipandisha volyumu sana, sauti ilikuwa inabanwa, kama mtu anayeongea huku ameshikwa koo. Nilisema valvu imechoka. Nilikuwa tayari kulaumu kila kitu ambacho ningeweza kukinunua kipya.

Usiku wa tatu sikuagiza chochote. Nilitandika mchoro wa saketi mezani nikaufuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Valvu ya kwanza ina volti karibu 180 kwenye bamba lake. Kati ya hizo volti na poti zangu kuna kapasita tu. Kapasita kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC, ule umeme mnyoofu. Kidole kilipofika kwenye kapasita ya maikrofaradi 0.1, ile ya njia ya besi, kikasimama. Je, kama hii haizuii?

Niliunganisha waya za mita kwa klipu amplifaya ikiwa imezimwa, ili nisiingize mkono ndani umeme ukiwepo. Waya mweusi kwenye chasisi, mwekundu kwenye mguu wa poti ya besi uliounganishwa na ile kapasita. Volyumu sifuri. Besi kwenye 10. Nikawasha, nikasubiri valvu zipate moto. Mita ikasoma volti 2.3. Mahali panapotakiwa kuwa na sifuri. Nikashusha besi hadi 1, namba ikaporomoka karibu na sifuri.

Nilipiga kelele peke yangu ndani ya nyumba saa nane za usiku.

Kapasita ilikuwa inavuja. Si sana, kiasi tu cha kupenyeza DC kidogo. Besi ikiwa chini, njia ya kwenda ardhini ni fupi, ile rezista ya kilo 6.8 tu, na DC inamwagika isionekane. Besi ikiwa juu, kilo 250 zote zinasimama njiani, DC inajaa kama maji nyuma ya tuta, inapita kwenye trebo, inafika kwenye volyumu. Poti isiyo na DC, ulimi ukiruka kidogo huenda usisikie kitu. Poti yenye DC, kila mruko wa ulimi, hata ule mdogo wa poti mpya, ni ngazi ya volti inayoingia kwenye valvu inayofuata na kukuzwa. Na ile sauti ya kubanwa koo ni DC hiyohiyo ikiisukuma valvu kutoka mahali pake pa kazi. Kila kitu kilikuwa kimesemwa. Amplifaya ilikuwa inanieleza ugonjwa wake kwa lugha safi na mimi nilikuwa nainunulia viatu.

Niliinua mguu mmoja wa kapasita, ule wa upande wa poti, nikapima kutoka mguu huo hadi chasisi. Kapasita nzima hapo huruka kidogo mwanzoni kisha hushuka karibu na sifuri. Yangu ilipanda volti nyingi ikakaa palepale, imestarehe. Nikaweka mpya ya maikrofaradi 0.1 yenye uwezo wa volti 600. Kimya. Nikazungusha volyumu, besi, trebo, mbele na nyuma, kwa haraka, kwa ubaya. Kimya kabisa.

Besi ya zamani niliirudisha, ilikuwa nzima siku zote. Trebo sikuweza, kwa sababu ya ule mguu. Ipo kwenye kopo pamoja na volyumu iliyokufa. Zina namba mgongoni zinazoanza na 137, ambayo ni alama ya kiwanda cha CTS, kisha tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki. Ukikuta 1376633 jua ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Wanaonunua amplifaya za zamani hutumia namba hizo kujua umri, maana amplifaya haiwezi kuwa imetoka kiwandani kabla ya poti zake za asili. Kila nikitazama ile trebo najua niliua kitu kilichokuwa hai kabla yangu, kwa haraka tu.

Sasa niseme na ninyi. Tunapenda kubadilisha vitu. Kubadilisha kunatupa hisia ya kufanya kazi: pakiti imefika, chuma kimewaka, moshi umepanda, picha imepigwa. Kupima hakuna picha. Kupima ni kukaa kimya na mita na karatasi na kukubali kwamba hujui. Yule fundi aliyenicheka hakupima. Mimi niliyemchukia kwa kutopima, nami sikupima. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilipwa. Ukitaka kuwa fundi wa amplifaya yako mwenyewe, heshimu namba kuliko hisia, na heshimu dalili kuliko pakiti. Amplifaya ikikwambia kitu, hata kitu kidogo kama "nikishusha besi natulia," andika. Usiipuuze kwa sababu haiendani na ulichokwisha kukiagiza.

Haya, mtaniambia nimeanza kuhubiri. Nimeanza.

Jambo moja la haki kabla sijamaliza: si kila DC kwenye poti ni ugonjwa. Fender Bassman ya saketi ya 5F6-A, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ina poti ya presensi, ile ya kung'arisha sauti za juu, ambayo imewekwa mahali penye DC kwa makusudi, na Marshall za mwanzo zilirithi mpangilio huo. Hiyo itakwaruza kidogo hata ikiwa mpya. Ndivyo ilivyozaliwa. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha presensi ya namna hiyo mara mbili, nikamwacha amalize, kisha nikamwonyesha mchoro. Huenda ningemwonyesha mapema.

Kwa huyu mdogo wangu wa poti tatu, nilimtumia maswali badala ya jibu. Chomoa gitaa, zungusha volyumu: inakwaruza hata bila gitaa? Hicho ni kiashiria cha DC, si hukumu, lakini ni pa kuanzia. Shusha besi: kelele inabadilika? Kuna mahali sauti inapotea kabisa? Umesafisha kwa dawa ya viungo vya umeme, si mafuta ya bawaba?

Amejibu jana usiku. Bila gitaa, kimya. Besi juu, besi chini, kelele ni ileile. Na kati ya 5 na 6 kuna mahali sauti inakatika kabisa halafu inarudi, na dawa ameshapuliza mara mbili.

Kwa hiyo yake, tofauti na yangu, inaelekea ni volyumu kweli. Kesho anamwaga umeme wa kapasita, anapima shingo na shafti, anasoma mgongo wa ile ya zamani na kuilinganisha na mpya kwa mita, nobu ikiwa katikati. Za besi na trebo nimemwambia asizifungue pakiti, aulize kama zinarudishika.